Pumba za Mahindi ya Mbozi

Jumapili, 2 Julai 2023

Dada amefika kutoka Tukuyu jioni hii, baridi ikiwa imeshika kwelikweli. Nilimpokea stendi ya Nanenane, tukapanda daladala hadi Kabwe, kisha bajaji mpaka nyumbani. Alipokuwa anashuka getini nikaona mguu wake wa kushoto uko mtupu.

"Dada, kandambili yako iko wapi?"

Akautazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Haa! Mdogo wangu, mbona sikusikia?"

Dereva akapekua, akaikuta chini ya kiti. Dada akaivaa huku ameikazia macho, maana vidole havikumwambia kama imeingia au la.

Usiku nimemwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Mguu mmoja nikautia majini, mwingine nikauweka juu ya sakafu, nikamwambia afumbe macho anitajie ulio majini ni upi. Tulirudia mara nne, akakosea mara tatu. Anasema ganzi ilianza kwenye nyayo miaka miwili iliyopita, sasa imepanda hadi kwenye vifundo, na gizani anatembea kama mtu anayekanyaga godoro. Ana kisukari, na huu ni mwaka wa tisa anameza metformini. Kila alikouliza amejibiwa, "Mama, hiyo ni sukari, utazoea."

Nikamwomba atoe ulimi. Mwekundu, laini kama kigae. Vile vipele vidogo vya ulimi havipo kabisa.

Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja. Ulimi wa namna hiyo nimeuchora ubaoni, nikawaandikia wanafunzi pembeni yake: upungufu wa vitamini za kundi B. Wa dada yangu sikuwahi kuutazama. Usingizi haujaja, na ndiyo maana naandika.

Jumanne, 4 Julai

Mahindi ya mwaka huu yametoka Mbozi, magunia mawili, makavu, ukiyamwaga yanalia. Leo nimepeleka debe moja mashineni, nyuma ya soko. Kijana wa mashine akaniamkia, na kabla sijalitua debe akauliza, "Mwalimu, tukoboe kama kawaida?"

Kama kawaida. Sembe nyeupe ndiyo ugali wa mgeni na wa harusi. Dona ni ya shule za bweni, ya magereza na ya anayehesabu shilingi. Wapo majirani wanaokwenda mbele zaidi: wakishakoboa wanaloweka mahindi siku mbili tatu, wanamwaga maji, wanaanika, ndipo wanasaga, unga utoke mweupe kama chokaa. Vitamini zote za kundi B huyeyuka katika maji. Kile kidogo kilichosalimika kwenye kukoboa kinakwenda na maji ya kulowekea.

Nikachota konzi moja ya pumba kutoka kwenye debe la mwanamke aliyenitangulia, nikazisugua kiganjani. Maganda meupe yakapeperuka. Kilichobaki ni vile vipande vidogo vya manjano, vyenye mafuta, vinavyonata kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Hicho ndicho kiini, mahali mche unapoanzia. Mbegu imeweka hapo na kwenye ganda sehemu kubwa ya thiamini yake, pairidoksini yake na foleti yake, kwa sababu mche mchanga nao unahitaji kuchoma chakula ili uote. Sehemu nyeupe ya punje ni ghala la wanga. Sisi tunachukua ghala, kiini tunampelekea kuku.

Kuku ndio waliofichua siri ya pumba. Huko Batavia, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa anatafuta kidudu cha ugonjwa wa beriberi, ugonjwa uliokuwa unawalegeza watu miguu na kuwaua kwa moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kuku wa maabara yake wakaanza kupepesuka na kuanguka, kisha ghafla wakapona. Alipochunguza akakuta kuku walikuwa wanalishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa mchele wa jeshi usiliwe na kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mpunga wenye ganda lake, wakasimama. Mwenzake Vorderman akapita magereza zaidi ya 100 ya Java akilinganisha mchele wanaokula wafungwa: palipoliwa mchele uliokobolewa sana, beriberi ilitapakaa, palipoliwa mchele wenye ngozi yake, ilikuwa adimu. Mwaka 1912 Casimir Funk akakiita kitu hicho kilichofichwa kwenye pumba "vitamine". Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kuku wangu kumi na wawili wanang'aa manyoya, wanataga bila kukosa. Wanakula pumba zangu mwaka wa sita huu.

"Leo usikoboe," nikamwambia kijana. "Saga hivyo hivyo."

Akanitazama. Akapunguza sauti: "Mwalimu, kuna shida nyumbani?"

Alhamisi, 6 Julai

Tumeamkia hospitali. Daktari ni binti mdogo, mtulivu. Alipiga chuma cha kupimia mtetemo, akamgusa nacho dada kwenye kidole gumba cha mguu, akauliza, "Bibi, unasikia kinatetemeka?" Dada akasema, "Nasikia ni baridi tu." Halafu akasema hata baridi hana hakika nayo.

Picha ya damu imeonyesha chembe nyekundu kubwa kupita kiasi, chache, zisizokomaa. Daktari akauliza dada anakula nini. Ndizi, maharage, chai ya rangi. Nyama aliacha meno yalipomtoka. Maziwa? Dada ana ng'ombe wawili wa maziwa, wazuri, anawakamua asubuhi na jioni. Maziwa yote yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, lita kwa lita, kwa sababu hiyo ndiyo fedha ya nyumba. Mwenyewe hanywi hata kikombe.

Daktari akaandika kipimo cha vitamini B12. Kisha akauliza kama kuna dawa nyingine. Dada akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa: vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma na asidi ya foliki, alivyokuwa anauziwa kwenye duka la dawa karibu miaka miwili, kila akilalamika kuchoka. Huyu binti akakaa kimya kidogo. Nilijua anachofikiri, na moyo ukanidunda.

Jumamosi, 8 Julai

Majibu yametoka. B12 iko chini sana. Sindano ya kwanza amechomwa leo.

Nilikuwa nimesimama karibu muuguzi alipovunja kile kichupa. Dawa ni nyekundu, nyekundu ya rosela iliyochemshwa ikapoa, inapita kwenye bomba la sindano kama damu iliyosafishwa. Wekundu huo ni wa molekuli ya vitamini hiyo, iliyobeba katikati yake kobalti, ambayo ni madini. Katika vitamini zote ni hii peke yake iliyobeba madini tumboni mwake. Molekuli yenyewe ni kubwa na imejikunja kiasi kwamba Dorothy Hodgkin wa Oxford alitumia miaka akiipiga miale ya eksirei mpaka akapata umbo lake mwaka 1956, akapewa Nobel mwaka 1964.

Na hakuna mmea unaoitengeneza, wala mnyama. Bakteria tu. Ng'ombe wa dada wanaipata kwa sababu bakteria wanaishi kwenye tumbo lao kubwa, wanaifanya humo humo, inaingia kwenye nyama, kwenye ini na kwenye maziwa. Yale maziwa yanayopanda pikipiki kila asubuhi.

Hata ukiila, safari yake ni ndefu. Asidi ya tumboni huifungua kutoka kwenye chakula, kisha protini maalumu inayotolewa na ukuta wa tumbo huishika mkono, wanakwenda pamoja hadi mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na hapo tu ndipo inapopokelewa. Metformini ikitumika miaka mingi huweza kuuziba mlango huo wa mwisho. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaishiwa taratibu bila kujua, kama pipa linalovuja chini ya nyumba. Mwili unahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Punje moja ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko mahitaji ya wiki mbili.

Nimemwandikia dada kwa herufi kubwa: SINDANO SIKU BAADA YA SIKU, WIKI MBILI. HALAFU KILA WIKI. HALAFU KILA MWEZI.

Jumapili, 9 Julai

Kile kikaratasi cha foliki hakinitoki akilini.

Ndani ya seli foleti, ambayo foliki ni umbo lake la vidonge, hubeba kipande kimoja kimoja cha kaboni na kukifikisha panapojengwa DNA. Bila DNA mpya seli haigawanyiki, na seli za damu, zinazozaliwa kwa mamilioni kila sekunde, ndizo zinazoathirika mapema: zinavimba, zinakua bila kugawanyika. Ndiyo zile kubwa alizoziona daktari. Lakini foleti ikishabeba mzigo wa aina moja, haiwezi kuutua bila B12. B12 isipokuwepo, foleti hukwama na mzigo wake, na damu inaharibika ingawa foleti ipo.

Sasa, ukimwaga foleti nyingi kwa vidonge, ile mpya isiyo na mzigo inatosha kuendesha kazi ya damu kwa muda. Uchovu unapungua, mgonjwa anashukuru. Ila B12 ina kazi nyingine ambayo foleti haiijui: inahitajika kulinda ile ala ya mafuta inayozunguka mishipa ya fahamu kama mpira unavyozunguka waya wa umeme. Ala inaendelea kuliwa. Damu inapona machoni, waya zinachunika gizani. Miaka miwili.

Lucy Wills, daktari Mwingereza, ndiye aliyefungua mlango wa foleti. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kuwachunguza wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliokuwa wanakufa kwa kuishiwa damu. Akagundua kwamba wanapona wakilishwa Marmite, ule uji mweusi wa hamira. Na alijua tangu wakati huo kwamba kuna watu wengine wenye damu kama hiyo ambao tiba yao ni nyingine. Yule aliyemuuzia dada vidonge leo angeweza kujua hilo. Simchukii. Nataka ajue.

Jumapili, 16 Julai

Jana mjukuu, darasa la sita, aliuliza mezani: "Bibi, vitamini inatia nguvu?"

Nikamwambia hapana. Vitamini haina nguvu yoyote ndani yake, hata chembe. Ugali ndio wenye nguvu, na maharage na mafuta. Leo nimempeleka sokoni nimwonyeshe.

Tulisimama pale magari ya viazi yanaposhusha. Magunia yamejaa lori zima. Wabeba mizigo walikuwa tisa, nimewahesabu. Mmoja anainama, anawekewa gunia mgongoni, anakimbia nalo mpaka kwenye kibanda, analitua, anarudi mtupu, anainama tena. "Gunia ndilo chakula," nikamwambia. "Hawa ndio vitamini B. Sasa waondoe hawa tisa. Viazi vipo?" "Vipo, Bibi." "Vitafika?"

Niasini, yaani B3, ndiyo kazi yake hiyo. Inageuzwa kuwa NAD, inabebeshwa nishati inayong'olewa kwenye chakula, inaipeleka kwenye tanuru za seli, mitokondria, inaitua, inarudi mtupu. Riboflavini, B2, ni mbebaji mwenzake. Kwa vile wanarudi kazini mara maelfu, wachache wanatosha, na ndiyo sababu tunazihitaji kwa miligramu tu.

Lakini kuna mahali pamoja ninapopapenda kuliko pote. Glukosi ikiingia kwenye seli hukatwa vipande viwili viitwavyo piruveti, na kila kipande lazima kipite geti moja ili kiingie tanuruni. Kwenye geti hilo wanasimama wanne: thiamini inakata, koenzaimu A iliyotengenezwa kwa B5 inapokea, riboflavini na niasini zinabeba. Geti moja, vitamini B nne. Akikosekana thiamini peke yake foleni inarudi nyuma, sukari inageuka asidi ya maziwa, na viungo visivyoweza kusubiri, ubongo na moyo, vinaumia kabla ya vingine. Ndivyo walivyokufa wale wa Java, matumbo yao yakiwa yamejaa wali. Na ndivyo wanavyochanganyikiwa na kuyumba wanaume wa vilabuni wanaoishi kwa pombe bila chakula, hata siku ambazo hawajanywa.

Mjukuu akauliza kama wabeba mizigo wenyewe wanakula dona. Sikujua jibu. Mmoja alitusikia, akasema, "Sisi tunakula kinachopatikana, mama."

Jumatatu, 24 Julai

Binti yangu amepiga simu kutoka Iringa. Ana mimba ya wiki tisa. Nimelia kwa furaha, kisha nikamuuliza kama anameza foliki. "Mama, si mpaka nianze kliniki?"

Hilo ndilo linaloniumiza. Mrija wa neva wa mtoto, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo mama wengi wanadhani tu kwamba hedhi imechelewa. Mwaka 1991 utafiti uliofanywa katika nchi saba, chini ya Nicholas Wald, ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo, wakimeza asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, hatari ya kurudia hupungua kwa asilimia 72. Hakuna uchawi katika mgongo wazi, wala laana ya ukoo. Kuna mrija uliohitaji seli zake zigawanyike kwa kasi ndani ya siku chache, na mara nyingi foleti ikapungua.

Mbinu ya kumfikia mama asiyejua kama ni mjamzito ni kuiweka foliki kwenye unga. Tanzania ilipitisha kanuni mwaka 2011: unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki na B12 zikiwemo, pamoja na chuma na zinki. Ngano imewezekana kwa sababu vinu vyake ni vikubwa na vichache. Mahindi yetu yanasagwa na kijana nyuma ya soko.

Nimemwambia aanze leo, asisubiri kliniki: damu yake bado inaongezeka, na kondo la nyuma bado linajengwa. Nikamkumbusha pia ya kwetu wenyewe. Kuanzia 1995, Muhimbili kwa kushirikiana na Harvard, wakiongozwa na Gernard Msamanga na Wafaie Fawzi, waliwafuatilia wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI Dar es Salaam. Waliopewa vidonge vyenye vitamini za kundi B, C na E walipoteza mimba kidogo kuliko wenzao na watoto wao walizaliwa na uzito mzuri zaidi. Matokeo yalitoka 1998. Baadaye wakafanya hivyo kwa wajawazito 8,468 wasio na virusi, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba watoto wenye uzito pungufu walipungua tena. Hao walikuwa mama wa Dar, wanaokula sembe kama sisi.

Jumanne, 8 Agosti

Nanenane kitaifa iko hapa kwetu, viwanja vya John Mwakangale. Watu kama siafu, vumbi, vuvuzela. Nilikwenda na dada polepole, mkono wake begani kwangu.

Kuna banda tulikaa saa nzima. Walikuwa wamefunga kifaa kidogo juu ya mashine ya kusaga, kama sanduku, kinachodondosha unga wa virutubishi kadiri mahindi yanavyopita. Kinaweza kufungwa kwenye mashine ndogo, kama ile ya nyuma ya soko. Nimechukua namba zao kwa ajili ya mwenye mashine wetu.

Njiani nilitazama magunia yaliyopangwa kwa maonyesho, mahindi, mpunga wa Kyela, viazi, maharage, ndizi, parachichi. Mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini inalisha nchi. Na utafiti wa afya na demografia wa 2022 unasema watoto watatu kati ya kumi nchini wamedumaa, lakini Iringa, anakoishi binti yangu, ni zaidi ya nusu ya watoto. Kudumaa kuna sababu nyingi, maji machafu, minyoo, mama kukosa nafasi ya kumnyonyesha mtoto kwa utulivu. Sitaki kuubebesha unga dhambi zote. Ila kushiba na kulishwa ni vitu viwili, na hapa kwetu tumevichanganya.

Jumamosi, 19 Agosti

Jirani amekuja kusaidia kupika kwa ajili ya kikao cha kikoba. Akachomoa kipande cha magadi, akataka kukitupa kwenye sufuria ya maharage yaive upesi. Nikamshika mkono. Magadi hulainisha maharage, ni kweli, na kuni ni ghali. Lakini huiua thiamini. Nikamwonyesha ndoo: yamelowekwa tangu jana usiku, yataiva bila hayo.

Yakaanza mabishano, mazuri. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, kama dona ina kila kitu, basi tule dona yatosha." Haitoshi, na hili lazima niliseme vizuri. Niasini iliyo kwenye mahindi imefungwa, tumbo haliwezi kuifungua. Wamexico tangu zamani huchemsha mahindi yao na chokaa, na chokaa huifungua. Wazungu walibeba mahindi wakaacha chokaa, na pelagra ikawafuata Hispania, Italia na baadaye kusini mwa Marekani: ngozi kuchubuka shingoni na mikononi, kuhara, kuchanganyikiwa, kufa. Joseph Goldberger alithibitisha kwamba ni chakula, si kidudu. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha ni niasini.

Wale akina mama wakasema hayo ni mambo ya mbali. Nikawauliza kama Malawi ni mbali. Mwaka 1990, katika nchi hiyo iliyo ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumulu, zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji walipata pelagra. Walikuwa na unga wa mahindi wa kutosha. Kilichokatika ni mgao wa karanga.

Karanga! Mwanamke aliyekuwa anazitwanga kwa ajili ya mboga akaacha mchi.

Ndiyo, karanga. Na maharage, na usipa wa Ziwa Nyasa unaoliwa mzima na kichwa chake. Nilipika usipa leo. Dada alikula sahani mbili. Mboga ya maboga niliichemsha kwa maji kidogo na sikuyamwaga, kwa sababu foleti hufa kwa moto mrefu na hukimbilia majini.

Jumapili, 3 Septemba

Kijana wa nyumba ya tatu, aliyerudi kutoka machimboni Chunya na kukutwa na kifua kikuu, ameniletea dawa zake nimsomee. Zile kubwa anameza bila kukosa siku. Kidonge kidogo cha pairidoksini amekirundika kwenye kikombe, vidonge ishirini na kitu. "Waliniambia ni vitamini tu, Mwalimu."

Vitamini tu. Dawa moja katika zile, aizoniazidi, hukamata B6 na kuitoa nayo kwenye mkojo. B6 ndiyo inayopanga upya viungo vya protini, inayoshiriki kutengeneza rangi nyekundu ya damu na kemikali ambazo ubongo hutumia kuzungumza. Ikiisha, miguu inawaka moto. Nilimwita dada aje aeleze mwenyewe ganzi ilivyo, inavyoanza kwenye ncha za vidole. Alimweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Kijana akahesabu vile vya kwenye kikombe, akauliza avimeze vyote leo kufidia. Nikamkataza. B6 ikizidi sana kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa hiyo hiyo. Kimoja kwa siku, pamoja na zile nyingine, na Jumatatu arudi kwa muuguzi amweleze ukweli.

Jumapili, 1 Oktoba

Dada anarudi kesho Tukuyu. Ng'ombe wanamngoja.

Ulimi umerudi na vipele vyake. Uchovu umekwisha tangu Agosti. Miguu imerudi nusu. Daktari amesema wazi kwamba kilichochunika miaka miwili huenda kisirudi chote, na dada amelipokea hilo bila kulia. Metformini anaendelea nayo, maana inamfaa sukari, ila B12 itapimwa kila mwaka.

Leo asubuhi alikuwa anawamwagia kuku mahindi uani, peku, jua limeanza kuota. Akasimama ghafla, akainua mguu wa kushoto, akaushika kwa mkono.

"Mdogo wangu, njoo utazame, kuna kitu kinanichoma."

Nikainama. Punje moja ya mahindi ilikuwa imebana chini ya kidole gumba.

Tumekubaliana lita moja ya maziwa inabaki nyumbani kila siku, nusu yake na nusu ya wajukuu wake. Mwenye mashine amepiga zile namba za Nanenane, anasubiri majibu. Kijana wake haniulizi tena kama tukoboe.

Kadi ya dada nimeifunga ndani ya kitenge, juu ya nguo, asiitafute: sindano inayofuata ni Jumatatu, tarehe 30 Oktoba.